Kipunji na Taasisi Iliyosikiliza: Miaka Ishirini ya Ushuhuda wa Nyanda za Juu Kusini

Tarehe 20 Mei 2005 jarida la Science la Marekani lilichapa makala fupi ya waandishi saba, ikitangaza kwamba katika misitu ya Tanzania yupo kima ambaye hakuna mtaalamu wa wanyama aliyewahi kumwandika. Alionekana sehemu mbili: mlima Rungwe na misitu ya Livingstone inayopakana nao, upande wa Mbeya na Makete, na msitu wa Ndundulu katika safu ya Udzungwa, upande wa Iringa, kilometa zipatazo 350 kutoka huko. Wanyakyusa walimwita kipunji, na jina hilo likaingizwa katika jina lake la kisayansi. Habari ilizunguka dunia nzima, lakini mwanzo wake haukuzungumzwa sana. Ilianza kwa mazungumzo na wawindaji wa Rungwe, waliomtaja mnyama ambaye msikilizaji mwenye haraka angemweka kundi moja na mizimu. Miaka ishirini na ushee imepita, na taasisi iliyoyapokea mazungumzo yale inastahili kuandikiwa historia, kwa kuwa kazi yake inajibu swali tunalolikwepa: mtu akisema ameona kiumbe ambacho wengine hawakijui, tumfanyeje? Hoja ya makala hii ni kwamba ushuhuda wa namna hiyo haufai kuaminiwa papo hapo wala kuchekwa. Unafaa kupokelewa, kuandikwa na kufuatiliwa mpaka mwisho, na taasisi inayojiita ya uchunguzi ipimwe kwa hatua hiyo ya mwisho.

Taasisi yenyewe ni programu ya uhifadhi wa Nyanda za Juu Kusini, iliyoanzishwa na shirika la Wildlife Conservation Society la New York na kuweka makao yake Mbeya. Shirika mama ni la zamani, lilizaliwa mwaka 1895, lakini tawi la Mbeya lilikuwa changa mwanzoni mwa miaka ya 2000, likiongozwa na Tim Davenport pamoja na watafiti Watanzania, wakiwamo Noah Mpunga na Sophy Machaga. Halikuanzishwa kutafuta viumbe wa ajabu. Misitu na nyasi za Rungwe, Kitulo na Livingstone zilikuwa hazijachunguzwa kwa kina, huku zikiliwa pande zote na mashamba, wapasua mbao, wachoma mkaa na mitego. Moja ya kazi zake za mwanzo ilihusu chikanda, chakula kinachotengenezwa kwa viazi vya okidi za porini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa mamilioni ya viazi hivyo yalichimbwa kila mwaka katika nyanda hizi na kuvushwa mpaka kwenda kuuzwa Zambia. Ni habari isiyoweza kupatikana kwa kutazama mimea peke yake. Ilibidi kukaa na wachimbaji na wachuuzi, kuuliza na kusikiliza. Desturi hiyo ya kuuliza ndiyo iliyozaa habari ya kipunji.

Mapema mwaka 2003 watafiti hao walikuwa wakizungumza na wawindaji na wanavijiji wanaouzunguka mlima Rungwe, wakitaka kujua ni wanyama gani waliobaki msituni. Katika maelezo hayo akajitokeza kima mmoja mwenye haya, adimu, asiyefanana na mbega wala kima wengine wa huko. Hapo palikuwa na mtego kwa pande zote mbili. Masimulizi ya Wanyakyusa yamejaa wanyama wa msituni, na ndani yake wanyama wa kweli huenda bega kwa bega na wanyama wa mizimu, bila msimulizi kulazimika kuwatenganisha. Mtafiti aliyesoma vitabu vya wanyama, na kuona havimtaji kima huyo, alikuwa na kila sababu ya kumweka kipunji upande wa mizimu, na watafiti wenyewe walieleza baadaye kuwa wazo hilo lilikuwapo. Wangeweza kufunga daftari. Walichofanya ni kuyachukua maelezo yale kama dai linaloweza kupimwa: kama mnyama yupo, yuko msitu gani, kimo gani cha mlima, na analia vipi? Mwezi Mei mwaka huo huo walimwona kwa mbali, kwa kupepesa tu, katika miti mirefu yenye ukungu. Ilipofika Desemba walimwona vizuri kiasi cha kutosha kusema bila kusita kwamba huyu hayumo kitabuni.

Anayeonekana huko juu ni mnyama wa kukumbukwa. Manyoya yake ni marefu, ya rangi ya kahawia yenye kijivu. Uso ni mweusi. Utosini nywele zimesimama kama shungi. Tumbo na ncha ya mkia mrefu vina weupe uliofifia. Sauti yake kubwa ni mlio mzito unaokaribia kubweka, tofauti na milio ya jamaa zake. Kule Rungwe na Livingstone anaishi kati ya meta 1,750 na 2,450 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako baridi ni kali na miteremko ni mikali, na hukaa juu ya miti zaidi kuliko chini. Mtu akijua hayo hashangai tena kwamba mnyama mkubwa kiasi hicho alijificha kwa wataalamu hadi karne ya ishirini na moja. Wawindaji walimjua kwa sababu wao ndio waliokuwa wakienda huko. Ushuhuda wao ulikuwa na nguvu kwa sababu ya mahali waliposimama walipomwona, na hiki ni kipimo cha kwanza ambacho taasisi yoyote ya uchunguzi inapaswa kukitumia: shahidi alikuwa wapi, na mara ngapi?

Upande wa Iringa habari ilikwenda kwa njia nyingine. Udzungwa ilikuwa imeshawafundisha wataalamu unyenyekevu. Mwaka 1979, katika misitu ya Sanje upande wa Morogoro, Katherine Homewood na Alan Rodgers walikutana na kima ambaye wenyeji walimjua na sayansi haikumjua. Mwaka 1991 wanazoolojia wa Denmark waliokuwa kambini katika misitu ya Udzungwa walitazama ndani ya sufuria ya mchuzi wakaona miguu ya ndege wasiyemfahamu. Kwale wa Udzungwa akaingia katika orodha ya ndege wa dunia kupitia jikoni. Wataalamu wa ndege waliofika Ndundulu waliona pia kima huko, wakadhani ni yule yule wa Sanje. Trevor Jones na wenzake, waliokuwa wakichunguza kima wa Sanje, wakaenda kuhakikisha. Julai 2004 walipomwona kwa karibu walitambua kwamba huyu ni mwingine kabisa. Hivyo Rungwe palikuwa na ushuhuda ulioelekea kuhesabiwa hadithi, na Ndundulu palikuwa na ushuhuda wa wataalamu uliopokelewa haraka mno kwa jina lisilo lake. Makosa yote mawili yana dawa moja, nayo ni kurudi msituni. Timu hizo mbili, zilizokuwa zikifanya kazi bila kujuana matokeo, zilipogundua kuwa zinamzungumzia mnyama mmoja, ziliunganisha ushahidi na kuuchapisha pamoja. Katika sayansi, ambako kila mtu anataka kuwa wa kwanza, uamuzi huo nao ni sehemu ya sifa za historia hii.

Ili kuona uzito wa mwenendo huo, ni vizuri kuulinganisha na taasisi nyingine iliyojitolea waziwazi kwa ushuhuda wa viumbe wasioonekana na wengi. Mwaka 1927 afisa wa jeshi la majini la Uingereza, Quentin Craufurd, pamoja na msanii Bernard Sleigh, walianzisha chama kilichoitwa Fairy Investigation Society. Kazi yake ilikuwa kukusanya habari za watu waliodai kuona wale viumbe wadogo wa hadithi za Ulaya, wengine wenye mabawa, ambao kwetu wangehesabiwa ukoo mmoja na vibwengo na vinyamkera. Si chama cha watu wa hovyo: miongoni mwa wanachama wake katika miaka ya 1950 walikuwamo Walt Disney na Hugh Dowding, kamanda wa ndege za kivita za Uingereza katika vita vya mwaka 1940. Katibu wake, Marjorie Johnson wa Nottingham, alikusanya shuhuda nyingi kwa barua, na kitabu chake kikatoka kwa Kiingereza mwaka 2014, baada ya kifo chake. Wakati huo huo chama kilifufuliwa na mwanahistoria Simon Young, aliyefanya sensa mpya kati ya 2014 na 2017 na kupata shuhuda zipatazo 500. Kama kumbukumbu ya mambo ambayo watu huyaona, huyahisi na kuyasimulia, kazi hiyo ina thamani ambayo haipaswi kubezwa. Lakini kwa miaka karibu mia moja chama hicho kimeweza kuongeza idadi ya mashahidi tu. Hakikuwa na njia ya kumtoa msikilizaji kwenye neno la shahidi na kumfikisha kwenye kitu chenyewe.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapoingia, na ni pingamizi zito. Inaweza kusemwa kwamba kipunji naye alitangazwa kwa picha, na picha zimewahi kuwadanganya watu wenye akili zao. Mwaka 1917 wasichana wawili wa Cottingley, Elsie Wright na Frances Griffiths, walipiga picha za viumbe wadogo wenye mabawa wakicheza mbele yao. Arthur Conan Doyle, muundaji wa mpelelezi Sherlock Holmes, alizitetea picha hizo mwaka 1920 katika jarida la Strand na baadaye kwa kitabu kizima. Ilichukua mpaka 1983 ndipo wenyewe, wakiwa wazee, wakakiri kuwa vilikuwa vikaratasi vilivyochorwa, vikakatwa na kusimamishwa kwa pini za kofia. Sasa makala ya 2005 ilimtangaza kipunji kwa kielelezo cha picha, bila ngozi wala fuvu katika kabati la makumbusho, na wataalamu kadhaa wa wanyama walilalamika hadharani. Walisema desturi ya kuhifadhi mwili wa mnyama unaotumika kama shahidi wa kudumu imevunjwa. Watafiti walijibu kuwa kumuua mnyama mmoja kati ya wachache mno, kwa ajili ya kuthibitisha kuwa ni wachache, ni kujipinga.

Pande zote mbili zilikuwa na haki, na tofauti kati ya Cottingley na Rungwe haimo katika ubora wa picha. Imo katika kile ambacho picha inamruhusu msomaji kufanya. Picha za Cottingley zilimwambia mtazamaji aamini na aishie hapo. Hakuna aliyeweza kwenda Cottingley na kuwaona wale viumbe kwa macho yake. Picha za kipunji zilifuatana na majina ya misitu, vimo vya milima, maelezo ya mlio na mwaliko ulio wazi: nendeni mkaangalie. Hata kama mwili usingepatikana, timu ya pili ilikuwa imekwisha kumwona mnyama huyo huyo katika mlima mwingine. Kisha mwili ukapatikana bila mtu wa sayansi kuua: kipunji mmoja kijana alikufa mwaka 2005 katika mtego wa mkulima kwenye shamba la mahindi jirani na Rungwe. Mabaki yake yalipelekwa Makumbusho ya Field huko Chicago, na vinasaba vyake vikaonyesha jambo ambalo picha zisingeonyesha kamwe, kwamba kipunji ana ukaribu zaidi na nyani kuliko na jamaa aliowekwa nao awali. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika baada ya miaka 83. Angalia kwamba ushahidi ule uliwasahihisha watafiti wenyewe. Ushuhuda unaofuatiliwa vizuri huwa na uwezo huo wa kumkosoa hata anayeutetea.

Pingamizi la pili linatoka kwetu wenyewe: je, Wazungu wamegundua nini, ikiwa Wanyakyusa walikuwa na jina la mnyama tayari? Swali hili ni la haki, na jibu lake si kukanusha. Kumjua kipunji kulikuwapo kabla ya 2003, na neno ugunduzi linafaa kutumika kwa adabu. Hata hivyo kujua na kuthibitisha ni kazi mbili. Mwindaji alijua kuna mnyama. Hakuwa na haja ya kujua kwamba huyo huyo yuko pia Udzungwa, kwamba hayuko pengine popote duniani, wala kwamba kwa idadi yake anaweza kutoweka katika umri wa mtu mmoja. Mambo hayo yalihitaji mtu wa kulinganisha milima miwili na maktaba za nchi nyingi. Kasoro ya kweli iko kwingine. Majina ya watafiti saba, wakiwamo Mpunga na Machaga, yako katika makala; majina ya wawindaji waliotoa habari ya kwanza hayamo katika orodha ya waandishi. Hata wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, walioishi na Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938 na ambao kazi yao ilizaa vitabu muhimu kuhusu matambiko yao, waliandika ushuhuda wa wenyeji kwa kina mno, lakini swali lao lilikuwa watu wanaamini nini. Taasisi ya Mbeya iliuliza swali la ziada, kama wanachosema kipo. Kilichobaki ni kumtaja aliyesema.

Pingamizi la tatu linatishia kwa upande wa pili: tukikubali kwamba mnyama aliyedhaniwa mzimu alikuwa kweli, je, tutafungua mlango kwa kila simulizi? Ziwa Ngosi lina habari za joka. Jiwe la Gangilonga mjini Iringa lina habari zake. Kila kijiji kina mahali pasipopitwa usiku. Jibu ni kwamba kipunji hathibitishi simulizi hata moja isipokuwa yake. Anathibitisha kwamba kati ya masimulizi yamo madai yanayopimika na yasiyopimika, na kwamba hatuwezi kuyatenganisha tukiwa ofisini. Kima anayekula mahindi huacha nyayo, kinyesi, kelele na hasara shambani. Mzimu wa babu hauachi alama za namna hiyo, na anayeuheshimu hasubiri cheti cha maabara. Thamani ya mzimu iko katika amri unazotoa kwa walio hai, kama vile msitu upi usikatwe. Kudai picha ya mzimu ni kumkosea heshima mwenye imani, na kukubali neno tupu juu ya mnyama ni kumkosea heshima mnyama. Chama cha Craufurd na Sleigh kilichanganya mambo haya mawili: kilitaka kupima kisichopimika, kikabaki na barua.

Lipo pia pingamizi la mwisho, linalopendwa na wanaosikitikia zama zilizopita, kwamba siri ilikuwa ngao ya msitu na mwanga wa utafiti umeiondoa. Matambiko yamelinda vichaka vingi vya nyanda hizi, hilo ni kweli. Lakini kipunji hakulindwa na siri. Aliwindwa kwa mbwa na kunaswa kwa mitego, hasa alipovamia mahindi, na misitu yake ilikatwa kwa mbao na mkaa kabla hajajulikana. Sensa iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria kipunji 1,117 duniani kote: 1,042 katika makundi 34 huko Rungwe na Kitulo, na 75 tu Ndundulu. Eneo lote walimoonekana lilikuwa kama kilometa za mraba 17.7, dogo kuliko kata nyingi za Tanzania. Mwaka huo huo aliwekwa katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Ulijulikana pia udhaifu wa Bujingijila, ushoroba mwembamba unaounganisha msitu wa Rungwe na ule wa Livingstone. Ukikatika, kipunji wa mlima Rungwe wanabaki kisiwani. Uchunguzi wa namna hii, ulioanza kabla ya sensa hiyo, ndio uliompa mwenye mamlaka kitu cha kushika. Kitulo ilitangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa zaidi kwa ajili ya maua yake; misitu ya Kilombero, pamoja na Ndundulu, ilipewa hadhi ya hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2007, na mlima Rungwe mwaka 2009. Hesabu zilizorudiwa baadaye zilionyesha idadi ikipanda. Siri haikuwahi kumletea kipunji askari wa doria hata mmoja.

Haimaanishi kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Mkulima anayepoteza mahindi kwa mnyama aliyepata sifa duniani ana haki ya kuuliza sifa hizo zinamlipa nini. Elimu mashuleni na vitalu vya miti vilivyoanzishwa vijijini havijibu swali hilo kikamilifu, na taasisi inayotegemea fedha za wafadhili wa mbali daima iko katika hatari ya kuhesabu wanyama kwa uangalifu kuliko inavyohesabu hasara za watu. Lakini kosa hilo linasahihishwa kwa njia ile ile iliyomleta kipunji, yaani kuketi tena na wale wanaokaa jirani na msitu na kuandika wanachosema, hata kinapokuwa malalamiko.

Kwa hiyo hukumu ya miaka hii ishirini ni hii: programu ya Mbeya, pamoja na wenzao wa Udzungwa, ilifanya kazi ambayo vyama vya kukusanya maajabu viliishindwa, kwa sababu iliutendea ushuhuda kama mwanzo wa safari. Kazi hiyo sasa ihamie kwa wenyewe. Chuo cha Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na makumbusho ya Boma la Iringa wana walimu, wanafunzi na lugha za wazee ambazo mgeni huchukua miaka kujifunza. Waanzishe daftari moja la ushuhuda wa wanyama, mimea na mahali, lenye jina la msemaji, kijiji, tarehe na alichokiona, na kila dai linalopimika lipelekewe mtu wa kwenda kulipima. Wawindaji wa zamani wa Rungwe na Udzungwa wanazeeka, na wasipoulizwa sasa, hakuna sensa itakayofidia.